Kijiti cha Wabaski
Waliozuru San Sebastián hurudi wakiisifu pintxo: kipande cha mkate, samaki juu, kijiti kati, na kwingine malipo huhesabiwa kwa vijiti. Hawasemi kwamba neno hilo la Kihispania Wabaski wamelivika tahajia ya lugha yao, iliyobanwa na Franco hadi kufa kwake 1975.

Nami nilikaa mgahawani Nyamuswa, mbele ya ugali wa muhogo na sato. Wazee waliagiza kwa Kiikizu. Kijana mhudumu akawajibu kwa Kiswahili, akicheka. Nami, mshairi niliaye katika kurasa hizi kwamba Kiingereza kinatumeza, nikacheka naye. Kwa haki gani? Atxaga alikiandika Obabakoak, 1988, kwa Kibaski, ndipo kikatafsiriwa. Cha Kiikizu tumetafsiri kipi?