Tunaogopa Waya, Tunavuta Moshi

Husemwa Salaita, na kando ya barabara yote ya Voi kwenda Taveta, kwamba nyaya za umeme zinaharibu damu na kuleta saratani. Mwenye boma anakataa waya usipite karibu na nyumba yake, huku mkewe akipuliza kuni jikoni, mtoto mgongoni. Imani hiyo naipinga bila kumung'unya maneno.

Umeme wetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Uga wake wa sumaku hauna nishati ya kukata DNA kama ifanyavyo eksirei. Unachoweza ni kuzalisha mikondo hafifu mwilini, na ni uga mkali sana tu unaosisimua neva na kumfanya mtu aone vimulimuli. Kwa hiyo tangu 2010 mwongozo wa kimataifa umeweka ukomo wa mikrotesla 200, kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku, kwa wananchi. Katika nyumba zilizopimwa Ulaya na Marekani, wastani ni karibu mikrotesla 0.1 au pungufu. Tena uga huo hufifia upesi kadiri unavyosogea mbali na waya.

Nitaambiwa kwamba mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka uga huu kundi la 2B, yaani huenda unasababisha saratani. Ni kweli. Takwimu zilionyesha lukemia (saratani ya damu) ya watoto ikiongezeka katika nyumba chache zenye wastani unaozidi mikrotesla 0.3 au 0.4. Hata hivyo, majaribio ya seli na wanyama hayakuonyesha jinsi uga huo unavyoweza kuizusha, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilisema ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba ndio chanzo.

Basi tusome orodha yote. Shirika lilelile la saratani limeuweka moshi wa kuni wa ndani ya nyumba kundi la 2A, daraja la juu kuliko waya. Moshi huo huwapa watoto nimonia na kuwachakaza kina mama mapafu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Waya ulioanguka na umeme uliounganishwa kwa wizi huua papo hapo. Hayo tuyaogope na kuyaripoti. Ila nishati safi ya kupikia tuidai kwa wanaotuomba kura, na kila mwanamume mwenye boma aanze leo kwa kutoboa dirisha jikoni.