Mlango wa magari ya kasi wafungwa, kasi yenyewe ingali barabarani

KWA mtu asiyejali magari, Subaru Impreza WRX STI ni gari la milango minne, viti vya watu watano na buti la kutosha mizigo ya familia inayokwenda mashambani Desemba. Kwa mpenzi wa magari, hilo ndilo gari la mashindano lililovishwa nguo za nyumbani. Gari hilo na wenzake wa aina yake sasa wanaelekea kufungiwa lango la bandari ya Mombasa, na si kwa sababu serikali imeyapiga marufuku. Ni hesabu ya miaka tu.

Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka minane. Kila Januari, magari ya mwaka mmoja zaidi huondolewa katika orodha. Mitsubishi ilikoma kuunda Lancer Evolution mwaka wa 2016, hivyo lango lake lilifungwa 2024. Toyota iliunda Mark X ya mwisho Desemba 2019. Subaru nayo ilistaafisha injini yake maarufu ya lita mbili, EJ20, wakati uo huo baada ya kuitumia kwa miaka 30, na mnamo 2022 ikatangaza kuwa haitaunda STI nyingine ya petroli katika kizazi kilichofuata. Kufikia 2028, hata yale machache yaliyosajiliwa 2020 yatakuwa yamezeeka kupita kiasi machoni pa sheria.

Maana yake ni kwamba magari ya aina hii yaliyomo nchini ndiyo hayo tu. Yatauzwa na kununuliwa tena na tena, kila mnunuzi akirithi makosa ya aliyemtangulia.

Ili kuelewa ni kwa nini gari la familia lilipewa nguvu za kutisha kiasi hicho, sharti kurejea mwaka wa 1986. Mwaka huo, vifo vya mashabiki nchini Ureno na vya dereva Henri Toivonen na msaidizi wake katika kisiwa cha Corsica vilifanya wasimamizi wa mbio za dunia kuyapiga marufuku magari ya kundi B, ambayo yalikuwa makombora yasiyofanana na chochote kinachouzwa dukani. Kundi A likatawazwa badala yake, likiwa na sharti moja zito: kampuni haingeweza kushindana kwa gari ambalo haikuwa imewaundia wananchi kwa maelfu. Idadi hiyo ilikuwa 5,000, kisha ikapunguzwa hadi 2,500.

Kwa hivyo, Subaru na Mitsubishi hazikuunda Impreza WRX na Lancer Evolution, zote za 1992, kwa sababu akina baba wa Japani walilalamika kuwa wanachelewa kazini. Kanuni za mashindano zilizilazimu. Turbo, mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne na breki kubwa vilifika katika gari la kupeleka watoto shuleni kwa njia hiyo.

Nchini Kenya, magari hayo yalipata udongo uliokwisha kulimwa. Tangu 1953, Safari Rally ilikuwa imewazoesha wakazi kuona gari la kawaida likishinda. Peugeot 404, gari la mwalimu mkuu na la afisa wa serikali, lilishinda 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966. Joginder Singh alinyakua ushindi wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Katika miaka ya tisini, Patrick Njiru alimfanya kila mvulana wa kijijini alijue jina la Subaru, naye Mwingereza Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka wa 2000. Wanaodai kuwa mapenzi ya vijana wa Nairobi kwa Subaru ni uigaji wa sinema za Marekani wanaisahau historia hii. Mapenzi hayo yalipitia vumbini, mbele ya nyumba za watu.

Ndiyo maana pia gari halisi la michezo, lile la chini lenye viti viwili, halijawahi kushika mizizi hapa. Mazda MX-5 ni gari tamu kuliendesha, na wajuzi wengi watalitanguliza mbele ya Impreza katika kona za Limuru. Lakini litapitaje matuta ya Kenya bila kukwaruza tumbo? Nyanya na watoto wawili watakaa wapi? Mwenye mshahara wa kawaida hununua gari moja likafanya kazi zote, kuanzia harusi, mazishi na soko hadi ile raha ya Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu. Mark X yenye injini ya lita mbili na nusu na silinda sita humpa hayo yote kwa utulivu, na pengine ndiyo sababu ilipendwa hata na watu wasiojiita wapenzi wa magari.

Suala gumu zaidi ni matumizi ya nguvu hizo. Kuanzia 1989 hadi 2004, kampuni za Japani zilikuwa na maafikiano yasiyo ya kisheria kwamba hakuna gari litakalotangazwa kuwa na zaidi ya nguvu za farasi 280, na magari ya soko la nyumbani yalifungiwa yasizidi kilomita 180 kwa saa. Kenya, mwendo wa juu kabisa kwa gari la kibinafsi katika barabara kuu ni kilomita 110, na mijini ni 50. Kwa kipimo cha sheria, basi, sehemu kubwa ya uwezo wa gari hilo haina kazi.

Wapenzi wa magari wana jibu, nalo si la kupuuzwa. Katika barabara ya kwenda Nakuru, ambako lori lenye mzigo hupanda mlima kwa mwendo wa kinyonga, gari lenye nguvu hulipita kwa sekunde chache na kurudi upande wake. Gari dhaifu hubaki upande wa wanaokuja likitweta. Muda huo mfupi ni usalama.

Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu. Nguvu zilezile humshawishi dereva kujaribu kupita mahali ambapo mwenye gari dhaifu angengoja. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata mita 28 hivi kila sekunde. Magari mawili yanayokabiliana kwa mwendo huo hufupisha mwanya kati yao kwa mita 56 katika sekunde moja, na turbo hairefushi barabara. Aidha, gari likiongeza mwendo kutoka 80 hadi 120, nishati ambayo breki zinapaswa kuizima huongezeka zaidi ya maradufu.

Hapo ndipo umri wa gari unapoingia. STI iliyotoka kiwandani ikiwa na breki nzuri na magurudumu mapya si ile inayouzwa leo kando ya barabara ya Ngong ikiwa imepitia mikono minne. Ubavuni mwa kila gurudumu kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kuundwa kwake. 3218, kwa mfano, ni wiki ya 32 ya 2018. Wanunuzi wengi hawaziangalii. Huangalia beji, bawa la nyuma na mngurumo wa ekzosi, na wauzaji wanalijua hilo vyema, ndiyo maana Impreza ya kawaida yenye beji ya STI ni kitu cha kila siku.

Kisha kuna mafuta. Petroli ya daraja la juu nchini Japani hufikia kiwango cha oktani 100, na injini hizi zilirekebishwa zikiitarajia. Petroli ya vituo vingi Kenya iko chini ya hapo. Injini ya turbo inayosukumwa kwa nguvu kwa mafuta hafifu huanza kugonga, na pistoni hupasuka. Fundi mwaminifu atamwambia mwenye gari apunguze msukumo wa turbo. Mwenye gari mara nyingi humtafuta fundi mwingine.

Zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakiangamia katika barabara za Kenya kila mwaka, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao ni watu wanaotembea kwa miguu. Itakuwa dhuluma kuyabebesha magari haya lawama yote, kwani matatu, malori na bodaboda vina fungu lao. Hata hivyo, kanuni za Februari 2004 za aliyekuwa waziri wa uchukuzi John Michuki, zilizoleta vidhibiti mwendo vya kilomita 80, ziliyalenga magari ya uchukuzi wa umma. Gari la kibinafsi lilibaki chini ya dhamiri ya mwenyewe na afisa wa trafiki aliyejificha kichakani.

Dhamiri hiyo hujaribiwa kila Safari Rally inapofika. Tangu mashindano hayo yarejee katika kalenda ya dunia mnamo 2021 baada ya kukosekana kwa miaka 19, misafara ya mashabiki kutoka Nairobi kwenda Naivasha imekuwa tamasha la pili. Kinaya ni kuwa ndani ya mashindano madereva huvaa kofia za chuma, huketi ndani ya ngome ya vyuma, na barabara imefungwa. Nje, mashabiki wao hufanya mchezo uo huo katikati ya magari ya abiria. Taifa lililoandaa mbio za dunia kwa miongo mingi lina mahali pachache mno ambapo kijana mwenye gari lake anaweza kulipa ada, kupimwa breki na kukimbia hadi aridhike. Hilo ni pengo ambalo kaunti zenye viwanja vya ndege visivyotumika sana zingeweza kulitazama.

Kufungwa kwa lango la umri hakutalimaliza tatizo, na kodi pia haitalimaliza. Tangu 2023, ushuru wa forodha wa magari umekuwa asilimia 35. Ukiongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa injini inayozidi lita moja na nusu, na VAT ya asilimia 16, gari lililothaminiwa kwa Sh1 milioni hufika takriban Sh1.96 milioni kabla ya ada nyinginezo. Injini ya petroli inayozidi lita tatu, kama ile kubwa ya Mark X, hutozwa asilimia 35 ya ushuru wa bidhaa na kupita Sh2.1 milioni.

Mfumo huu wote hupima ukubwa wa injini, ukidhani kuwa ukubwa ndio nguvu. Gari la umeme halina injini ya kupimwa hivyo, na ushuru wake wa bidhaa ulishushwa hadi asilimia 10 mwaka wa 2019 ili kuhimiza usafi wa hewa. Lakini BYD Seal ya mota mbili, gari la familia la milango minne kutoka China, hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.8. Hakuna STI iliyotoka kiwandani iliyowahi kufanya hivyo, na angalau STI ilisikika ikija kutoka mbali. Mama anayevuka barabara mjini Gilgil hatausikia mngurumo wowote.