*ASKARI WETU WALIOKO KONGO: TUIOMBE KAMATI IULIZE*

*Kwa wanachama wote wa Tawi, Nkuhungu. Viongozi wa mashina wasambaze kwenye makundi yao.*
*Machi 2025*



Najua mazungumzo ya kundi letu wiki hizi ni mvua, mitaro na barabara za ndani. Ni haki yenu, mwenye maji sebuleni hana muda na habari za Goma. Hata hivyo naomba dakika chache. Haya ni maoni yangu kama Mwenezi. Viongozi wenzangu wa tawi wameyasoma na kukubali yatumwe, ila si msimamo wa Chama Taifa.

Kabla ya Bunge la Bajeti kuanza mwezi Aprili, Kamati za Kudumu za Bunge zinakaa hapa hapa mjini kwetu kupitia makadirio ya wizara. Wizara ya Ulinzi na JKT na Wizara ya Mambo ya Nje zinakwenda mbele ya Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, ile wanayoiita NUU. Kwa kawaida wananchi hatuifuatilii. Tunasubiri bajeti ya maji, ya afya, ya TARURA. Mwaka huu nasema tuifuatilie, kwa sababu tarehe 13 Machi wakuu wa nchi za SADC waliamua kusitisha kazi ya SAMIDRC na kuwaondoa askari wake kwa awamu.

Kwa asiyefuatilia: SAMIDRC ni jeshi la SADC lililopelekwa mashariki mwa Kongo kuanzia Desemba 2023. Lina askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Aprili 2024 askari wetu watatu waliuawa kwa kombora la mota. Mwishoni mwa Januari mwaka huu, M23 walipokuwa wanaichukua Goma, tukapoteza wengine wawili, na wanne wakajeruhiwa. Hapo sijahesabu Desemba 2017 kule Semuliki, ambako vijana wetu wasiopungua 14 waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliuawa katika shambulio moja.

Katika tawi letu wapo wazazi wenye vijana jeshini. Sitataja mtaa wala shina. Mama mmoja aliniuliza baada ya kikao cha mwezi uliopita, "Mwenezi, hawa watoto wanarudi lini?" Nikamwambia sijui. Akaniuliza nani anajua. Hapo ndipo nilipokosa jibu la kumpa, na ndiyo sababu ya andiko hili.

Nimerudi kwenye Katiba. Ibara ya 44 inasema Rais akitangaza hali ya vita na nchi nyingine, nakala inakwenda kwa Spika, na Bunge linaitishwa ndani ya siku 14 kuijadili. Vizuri. Lakini kupeleka askari kulinda amani si kutangaza vita na nchi yoyote. Huko tunaongozwa na Ibara ya 148, inayompa Amiri Jeshi Mkuu mamlaka ya kuyaamuru majeshi yafanye kazi ndani au nje ya nchi. Ibara hiyo haisemi Bunge lielezwe wamekwenda wangapi, kwa muda gani na kwa fedha ipi. Kijana anaweza kwenda, akapigana na akafa, bila wawakilishi wetu kuwa wamewahi kukaa siku moja kuizungumza safari yake.

Wenzetu wanafanyaje? Kenya, Katiba yao inataka idhini ya Bunge kabla majeshi hayajatoka nje ya nchi. Novemba 2022 wabunge wao walipiga kura kuhusu askari 903 waliokwenda Kongo. Afrika Kusini, Rais analazimika kuliarifu Bunge mapema sababu, mahali, idadi na muda. Ndiyo maana Februari 2024 dunia nzima ilijua Ramaphosa amepeleka askari 2,900 kwa mwaka mmoja kwa gharama ya zaidi ya randi bilioni mbili. Mwaka huu walipouawa askari wao 14, waziri wao wa ulinzi aliitwa mbele ya kamati za Bunge akahojiwa vikali. Jeshi lao halikuvunjika kwa kuhojiwa. Kama kuna lililowaumiza, ni majibu yaliyotoka.

Wapo mtakaosema, Mwenezi, mambo ya jeshi ni siri. Nakubaliana nanyi nusu. Kambi ilipo, silaha zilizopo, mipango ya kesho, hayo hata mimi sitaki kuyasikia kwenye WhatsApp, na nawaomba mnaotumiwa video za Goma msizisambaze humu. Ila gharama ya mwaka mzima si siri ya vita. Fidia ya familia ya marehemu si siri ya vita. Na kwa mambo yaliyo nyeti kweli, Kamati inaweza kukaa faragha. Kamati ikiuliza milango ikiwa imefungwa na ikaridhika, mimi nitalala. Ninachoogopa ni Kamati isiyouliza kabisa, inayopitisha makadirio kwa pongezi na makofi.

Wala sisemi tulikosea kwenda. Mizigo ya Kongo ndiyo inayoijaza bandari ya Dar es Salaam, na malori ya kwenda Rusumo na kwingineko tunayaona kila siku kwenye barabara ya Singida. Kongo ikiungua, wakimbizi wanaingia Kigoma. Tuna sababu za kuwepo kule. Ninachotaka ni sababu hizo zisemwe, na mtu mwenye dhamana atuambie kama kazi imefanikiwa au imeshindikana. Jeshi limepelekwa kuwazuia M23, Goma imeanguka, Bukavu imeanguka, na sasa tunaondoka. Mtu mzima hawezi kusikia hayo asiulize kilichotokea.

Na mwaka huu majibu yako karibu kuliko wakati wowote. Rais wetu ndiye Mwenyekiti wa chombo cha SADC cha Siasa, Ulinzi na Usalama tangu Agosti mwaka jana. Mkutano wa pamoja wa EAC na SADC ulifanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari. Waziri wa Ulinzi, Dkt. Stergomena Tax, alikuwa Katibu Mtendaji wa SADC kwa miaka minane. Hakuna mtu katika ukumbi ule anayezijua taratibu za SADC kumzidi. Akiulizwa vizuri, atajibu vizuri.

Tatizo letu sisi wa Nkuhungu ni dogo lakini lipo: Mbunge wetu wa Dodoma Mjini ni Waziri. Hawezi kusimama kuiuliza Serikali ambayo yeye ni sehemu yake. Kwa hiyo tupitie kwa wabunge wa viti maalumu wa mkoa na kwa wajumbe wa NUU wenyewe, ambao wengi wao wakati wa Bunge wanaishi mitaa ya hapa hapa mjini. Hatuendi kujaa getini kwa mabango. Tunaandika barua kwa Katibu wa Bunge, nakala kwa Mwenyekiti wa Kamati.

Rasimu ninayo, ni ukurasa mmoja. Inaomba Kamati itamke kwenye taarifa yake, ile inayosomwa bungeni wakati wa bajeti ya Wizara ya Ulinzi, mambo haya: ratiba ya kuwarudisha askari, fedha iliyotumika na nani aliilipa, hali ya waliojeruhiwa, na mafao ya familia tano za waliofariki katika jukumu hili. Mwisho inapendekeza Bunge litunge utaratibu wa kuarifiwa kila askari wetu wanapopelekwa nje. Hilo la mwisho najua litachukua miaka.

Kikao cha tawi ni Jumamosi saa 10 jioni, mahali petu pa kawaida. Rasimu itasomwa, mwenye cha kurekebisha arekebishe, kisha tusaini. Barua itapelekwa Jumatatu asubuhi kwa mkono, irudi na muhuri wa kupokelewa. Wasioweza kufika kwa sababu ya maji wamtumie Katibu majina kamili na namba ya kadi kabla ya Ijumaa usiku.

Yule mama nimemwomba aje. Amesema atakuja.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi*