Mambo manne ya uongozi niliyofunzwa na muziki na runinga

Leo naweka msimbo kando kidogo, tuzungumze mambo ya watu.

Karibu kila ofisi ambayo nimewahi kuandikia programu, nimekuta kitabu kimoja au viwili vya uongozi kwenye meza ya mkubwa. Vingi vimetoka Marekani, na vingi husema jambo moja kwa kurasa mia tatu. Sina ugomvi navyo. Lakini nikijiuliza ni wapi nilipojifunza jinsi watu wanavyofanya kazi pamoja, wanavyokosana na wanavyoachana, jibu langu ni muziki wa matatu na runinga ya sebuleni. Msicheke. Ninayo mambo manne ya kuwaonyesha.

1. Wimbo wa kampeni si mpango wa kazi

Mnaikumbuka Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji? Neno lenyewe ni la Kijaluo, kutisha, lililovishwa Kiingereza mbele na nyuma: asiyetishika. Mwaka 2002 muungano wa NARC uliuchukua wimbo huo, ukaimbwa katika mikutano kote nchini. Desemba mwaka huo Mwai Kibaki akapata zaidi ya asilimia 60 ya kura, na KANU ikatoka madarakani baada ya karibu miaka 40.

Halafu? Halafu kazi ikaanza, na wimbo haukuwa na la kusema tena. Vyama vilivyoungana vilikuwa na makubaliano ya kugawana mamlaka, na punde si punde vikaanza kuvutana juu ya makubaliano hayo. Novemba 2005 serikali ikashindwa katika kura ya maoni kuhusu katiba, huku baadhi ya mawaziri wake wakiongoza upande uliopinga. Siku mbili baadaye Rais akavunja baraza la mawaziri.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu vizuri. Siku ya kuzindua mfumo kuna keki, fulana mpya na picha. Miezi sita baadaye seva imejaa, nakala za akiba hazifanyiki, na hakuna anayekumbuka nani aliahidi kuzisimamia. Ujasiri huleta watu pamoja. Kinachowaweka pamoja ni yale mliyoandika kabla ya sherehe: nani atafanya nini, na nini kitatokea asipofanya.

2. Mshtakiwa asikizwe kwanza

Vioja Mahakamani imekuwa ikitufurahisha tangu miaka ya 1970. Watu wengi huikumbuka kwa vituko vya washtakiwa. Mimi nakumbuka utaratibu wake. Hata kesi iwe ya kuku aliyeibwa, mashtaka husomwa, mashahidi huitwa, mshtakiwa hupewa nafasi ya kujieleza, hata kama maelezo yake ni kichekesho kitupu. Hukumu huja mwisho.

Sasa linganisha na The Apprentice, kipindi cha Marekani kilichoanza mwaka 2004, ambacho mkubwa aliketi mezani na karibu kila wiki alimfukuza mtu mbele ya kamera. Kilipendwa sana, na nahofia kiliwafunza wakubwa wengi kwamba kuongoza ni kufukuza.

Katika kampuni moja niliyofanyia kazi (jina tuliache), mfumo wa malipo ulikwama usiku wa mwisho wa mwezi. Kufikia asubuhi mkubwa alikuwa amekwisha kupata mkosaji: kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya nyanjani, eti kwa kuwa ndiye aliyegusa programu mara ya mwisho. Hakuulizwa swali hata moja. Aliambiwa akusanye vitu vyake aende. Saa sita mchana tukafungua kumbukumbu za seva, tukakuta cheti cha usalama kilikuwa kimeisha muda wake saa sita usiku. Kukilipia upya ilikuwa kazi ya ofisi, wala si ya kijana yule. Hakuitwa tena, na hakuna aliyemwomba radhi.

Hasara haikuishia kwake. Tangu siku ile, mtu akiona hitilafu alinyamaza, akangoja mwingine aione. Na katika kazi yetu hitilafu iliyofichwa ni ghali kuliko iliyotangazwa, kwa sababu siku itakapojitokeza itakuwa imeshagusa pesa za wateja. Kiongozi anayehukumu upesi hupata ukimya, akadhani ni nidhamu.

3. Kugawanyika si kifo

Wazee wetu waliocheza rumba mjini Nairobi wanaijua historia hii. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walikuja Kenya wakaanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walitoka, wakaunda Les Wanyika, na kundi hilo jipya likatupa Sina Makosa, kibao ambacho hadi leo kikipigwa arusini hata vijana huinuka. Simba Wanyika nao hawakufa. Waliendelea kupiga na kurekodi kwa miaka mingi. Sisi wasikilizaji tukabaki na bendi mbili nzuri badala ya moja yenye manung'uniko.

Katika programu huria jambo hili ni la kawaida. Ukiona mradi umeshika njia usiyoipenda, una haki ya kuchukua nakala ya msimbo na kuuendeleza kivyako. Mwaka 2010 kundi la waliokuwa wakiijenga OpenOffice.org lilijitenga, likaanzisha LibreOffice, na mamilioni ya watu wanaitumia bila kulipa hata ndururu.

Lakini katika kampuni zetu, mtu akisema anaondoka kwenda kuanzisha yake huitwa msaliti. Barua yake ya kazi hucheleweshwa, simu zake hazipokelewi. Kwa nini? Mji huu una nafasi ya gitaa zaidi ya moja. Mfanyakazi anayeondoka kwa heri huweza kurudi kesho akiwa mteja au mshirika. Anayefukuziwa mlango huondoka na yale anayoyajua, na hana sababu ya kukusaidia siku mfumo aliouandika utakapolala.

4. Jua siku ya kufunga

Sauti Sol walianza mwaka 2005. Mwaka 2023, wakiwa bado wanajaza viwanja, walitangaza mapema kwamba wanapumzika kama kundi na kila mmoja atafuata njia zake. Novemba mwaka huo wakatumbuiza mashabiki wao kwa kuwaaga. Wengi walisikitika, lakini hakuna aliyeshtukizwa.

Kuna mifumo hapa nchini ambayo ingefaa kuagwa hivyo. Microsoft walipoacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, tarehe ilikuwa imejulikana kwa miaka. Aliyetaka kuhama alikuwa na muda wa kuhama. Sisi mara nyingi huacha mfumo ufe wenyewe, kisha mteja agundue Jumatatu asubuhi akiwa na foleni ya watu mlangoni. Kiongozi anayeweza kutaja siku ya mwisho, iwe ya mradi au ya cheo chake mwenyewe, huwapa watu wake muda wa kujipanga.

Najua kuna atakayesema muziki ni wa kustarehesha tu, tuache kutafuta hekima kwenye densi. Huenda. Lakini bendi ni watu watano wenye vipaji, pesa kidogo na mabishano mengi, wanaolazimika kutoa kitu kimoja kinachopendeza kwa wakati uliopangwa. Kama hiyo si timu ya programu, sijui ni nini. Tena vitabu vya uongozi huandikwa zaidi na walioshinda. Historia za bendi hutuonyesha hata walioachana, na humo ndimo mafunzo mengi yalimo.

Kwa hivyo ukiwa unaongoza hata watu wawili tu, jaribu haya wiki hii. Andikeni nani anasimamia nini. Kitu kikiharibika, fungua kumbukumbu za seva kabla ya kufungua mdomo. Na kama yule kijana wa mafunzo ya nyanjani yuko kwenye timu yako, muulize aliona nini kabla ya kumuuliza alifanya nini.