Kuutetea Upande Usioupenda



Mzazi mmoja wa kigango chetu hapa Mwimbi amenijia na swali ambalo hapana shaka litawagusa wengi wenye watoto vyuoni. Binti yake anasoma sheria, naye amechaguliwa kujitayarisha kwa mashindano ya mahakama ya mfano. Kesi ni moja, lakini asubuhi atawatetea wanakijiji walioondolewa katika ardhi yao, na alasiri ataitetea serikali iliyowaondoa. "Bwana Karani," akaniuliza mzee, "je, nauza mahindi ili mtoto afundishwe uongo?" Alitaka nimsaidie kumwandikia binti ajitoe.

Nilimwomba angoje kwanza.

Mashindano makubwa ya namna hii katika Afrika, yanayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Pretoria, yalianza Harare mwaka 1992. Kila chuo hutuma wanafunzi wawili. Kesi yenyewe ni ya kubuni, na wote hupewa karatasi ile ile. Huandika hoja za pande zote mbili, kisha husimama mbele ya majaji, ambao huwakatiza kwa maswali bila huruma. Wala mwanafunzi hana ruhusa ya kuongeza hata tukio moja lisilomo katika karatasi ile. Hatoi ushahidi, wala haapi kwamba serikali ni njema. Huonyesha tu kwamba sheria yaweza kusomwa hivi.

Na faida yake ni nini? Tazama kesi ya kweli, ya Waogiek wa msitu wa Mau huko Kenya, iliyohukumiwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, tarehe 26 Mei 2017. Serikali ilisema watu watoke ili msitu uhifadhiwe. Hoja hiyo si ya kuchekwa, hasa kwetu sisi tunaoona vilima vya Ufipa vikibaki bila miti. Lakini mahakama haikuona ushahidi kwamba Waogiek ndio walioharibu msitu, na serikali ikashindwa. Mwanafunzi aliyejitahidi kuitetea serikali usiku kucha ndiye atakayeuona upungufu huo upesi. Aliyewaonea Waogiek huruma tu hatauona, naye ataenda kuwatetea kwa machozi matupu.

Tena Kanisa lenyewe lilifanya hivyo. Kwa karne nyingi, mpaka Papa Yohane Paulo wa Pili alipobadili utaratibu mwaka 1983, aliwekwa mtu wa kupinga kesi ya kumtangaza mtakatifu. Watu walimwita Wakili wa Shetani, naye alikuwa mtumishi wa Kanisa!

Jambo moja silipendi: kwa miaka mingi mashindano hayo yalitumia Kiingereza, Kifaransa na Kireno, hali sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Mtoto atakayerudi Sumbawanga kuwatetea wakulima budi ajifunze hoja zake mara ya pili.

Basi ninyi wazazi, mtoto akipiga simu, msimwulize yuko upande gani. Mwambieni aeleze kesi kwa upande asioupenda, kwa Kiswahili, nanyi mkatizeni kwa maswali kama majaji. Akikasirika, bado hajawa tayari.