Taya la mtoto likivimba, usikimbilie kung'oa jino

Mama au mlezi uliyeko Musoma, Bunda au Butiama, mtoto akivimba taya na meno yakaanza kulegea, unaweza kudhani ni jino bovu. Huenda ni saratani ya Burkitt, inayowapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi kama ukanda wetu wa Ziwa Victoria. Wakati mwingine uvimbe hujitokeza tumboni.

Saratani hii inahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 kwenye uvimbe wa mtoto kutoka Uganda. Huenea kwa mate, na karibu watoto wote wa kwetu hukipata wakiwa wadogo. Wengi hakiwadhuru, kwa hiyo usijilaumu kwa kumbusu mwanao. Hatari huongezeka mtoto anapougua malaria mara kwa mara: kinga ya mwili hudhoofika, seli zenye kirusi huzidi, na baadhi zinaweza kugeuka saratani.

Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili kuona kama saratani hii ingepungua. Ilipungua, ila ilikuwa imeanza kushuka kabla ya mradi, na vimelea vya malaria vikaizoea dawa. Kidonge peke yake hakikutosha.

Leo majirani wameongeza chanjo ya malaria: Kenya ilianza mwaka 2019, Uganda mwaka 2025. Mwaka huohuo wa 2025, Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya afya. Fedha za malaria zikipungua, hatuongezi homa tu. Tunawaweka watoto karibu zaidi na saratani hii. Hivyo chandarua chenye dawa kila usiku, kupima homa mapema na kumaliza dozi vina uzito kuliko tunavyodhani.

Uvimbe huu hukua haraka, hata ndani ya siku chache. Usisubiri wala usipoteze muda kwa mganga. Nenda zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, hutibu saratani za watoto. Gharama zikikushinda, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Watoto wengi wanaowahishwa hupona kwa dawa. Uvimbe ukinywea baada ya dozi ya kwanza, usimrudishe mtoto nyumbani moja kwa moja. Maliza matibabu yote.