Uvira: Simu iko mkononi, lakini nani atajibu?

Katika milima ya Rurambo, juu ya tambarare ya Ruzizi, mkaaji mwenye malalamiko juu ya barabara au kodi ya soko hupitia njia ya zamani: anamwona chifu wa kijiji, na neno linapanda polepole kuelekea kwa mwami. Mara nyingi linaishia njiani. Siku hizi wengi wanaoshuka sokoni Luberizi wana simu. Je, viongozi wa mashinani wako tayari kusikilizana na raia kwa njia hiyo?

Kwenye karatasi, msingi upo. Sheria ya Oktoba 7, 2008 inaipa miji, komini, sekta na usultani haki ya kujiendesha, kila moja na bajeti yake. Wilaya ya Uvira ina usultani tatu: Bafuliiru, Bavira na Tambarare ya Ruzizi. Mwezi Machi 2023 Kongo ilipata pia sheria ya mambo ya dijitali.

Kivu Kusini si mgeni katika jambo hili. Zaidi ya miaka kumi iliyopita, Benki ya Dunia ilisaidia jimbo kujaribu bajeti shirikishi kwa simu, ikiwemo katika usultani wa Luhwindja. Wakaaji walialikwa mikutanoni kwa ujumbe mfupi, wakachagua kazi ya kutangulia, kisha wakajulishwa uamuzi. Simu ya kawaida ilitosha. Benki hiyo iliripoti kwamba watu walianza kulipa kodi kwa moyo zaidi, kwa sababu waliona inachofanya.

Hapo ndipo penye somo: ujumbe ulikuwa na maana kwa sababu kulikuwa na pesa za kugawanya. Kisheria, asilimia 40 ya fungu la jimbo kutoka mapato ya taifa ni ya tawala hizi za chini, lakini kwa miaka mingi viongozi wake wamelalamika kwamba pesa hizo haziwafikii ipasavyo. Mwami akiulizwa kwa simu juu ya daraja, naye hana kitu mkononi, atajibu nini?

Pengo la pili ni mabaraza. Desemba 2023, madiwani wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Uvira haikupiga kura hiyo. Mwami anatoka katika ukoo, meya anateuliwa. Raia hana aliyemchagua wa kumdai jibu.

La tatu ni usalama. Rurambo, Wafuliiru, Wanyindu na Wanyamulenge wanaishi jirani katikati ya vikundi vyenye silaha. Namba ya simu inamtambulisha mwenyewe, na malalamiko juu ya kizuizi cha barabarani yanaweza kumponza. Mwaka 2025 M23 iliteka Bukavu mwezi Februari, serikali ya jimbo ikahamia Uvira, na Desemba vita vikafika Uvira kwenyewe. Katika hali hiyo, anayetunza orodha ya namba anashika pia maisha ya watu. Na wasio na simu, wengi wao akina mama wa vijijini, wasipoulizwa ana kwa ana, sauti ya mjini itahesabiwa kuwa ya wote.

Mwanzo hauhitaji mashine ghali. Usultani unaweza kusoma bajeti yake redioni na kuibandika sokoni, kuweka mtu mmoja wa kupokea ujumbe na kuficha majina, na kutoa jibu hadharani kwenye mkutano. Bila mtu huyo wa kujibu, simu ya mkaaji wa Rurambo itakuwa njia nyingine tu ya neno kupotelea.